Ubao Unachimba, Wimbi Linakupita: Kutatua Shida za Kujifunza Sefingi Matema

Ukimkuta mtu anajifunza sefingi, yani kuteleza juu ya wimbi kwa ubao, pale Matema anaanguka tu, muulize shida nini, atakwambia balansi, au ubao mbovu, au mawimbi ya Nyasa hayafai. Mi nakataa. Shida nyingi za kusimama zinaanza mtu akiwa bado kalala kwa tumbo, yani kalala sehemu gani ya ubao, anaangalia wapi na kaanza kupiga mikono majini muda gani. Miguu inalaumiwa bure. Kwa hiyo humu nitakuwa narudi sana kwenye kulala, vumilia.

Kabla ya dalili zenyewe tuelewane kuhusu ziwa, maana watu wanaangalia video za bahari za huko mbali halafu wanashangaa mbona huku haiendi. Ziwa Nyasa lina urefu wa kama kilomita 580 na Matema ipo kwenye kona ya kaskazini kabisa, milima ya Livingstone imesimama pembeni yake. Upepo wa Mwera unavuma kutokea kusini, hasa Mei mpaka Agosti, unayasukuma maji njia yote hiyo mpaka yanafika huku mwisho, ndo maana miezi hiyo unakuta mawimbi ya maana. Ila ni mawimbi ya upepo, kati ya wimbi na wimbi zinapita sekunde 3 mpaka 6 hivi, wakati baharini wimbi lililotoka mbali linaweza kuja kila baada ya sekunde 10 na zaidi. Kwa hiyo ya kwetu yanakuja yamebanana, yanasukuma kwa muda mfupi, halafu upepo ukilala na yenyewe hayachukui muda yanalala. Kingine, maji hayana chumvi. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa kama asilimia 2.5, ambapo mtu wa kilo 70 na ubao wake kwenye ziwa atazama kwa kama lita 2 zaidi. Sio kubwa, lakini kwenye ubao mdogo utaisikia.

Na kama hujui kuogelea ishia hapa kwanza. Sisi wa nyanda za juu wengi tumekua na mito ya baridi ambayo hata miguu unaosha kwa mashaka, hakuna aibu, tafuta mtu akufundishe kuogelea, vaa laifujaketi, sefingi itakusubiri. Ubao sio boya, kamba inaweza kukatika.

Ubao unachimba pua, unapinduka mbele

Hii ndo ya kwanza kwa kila mtu. Wimbi linakuinua nyuma, pua ya ubao inaingia chini ya maji, mkia unaruka juu na wewe unatangulia kichwa.

Sababu ya kwanza, umelala mbele mno. Jinsi ya kujua: nenda maji ya kiunoni yaliyotulia, lala, acha kupiga mikono, mwambie mwenzio aangalie ncha ya mbele. Inatakiwa itoke juu ya maji kama vidole vitatu vinne. Ikiwa inalamba maji rudi nyuma kidogo, kidogo kweli, upana wa kiganja unatosha, pima tena. Ukishapata sehemu yako chukua kalamu ya maka, chora mstari pale kidevu kinapokaa, kuanzia hapo huna haja ya kubahatisha. Kuna siku jamaa mmoja wa Mwanjelwa alikuwa anachimba kila wimbi, kavimba macho kwa maji, anautukana ubao, pembeni yake kuna dogo wa pale pale kijijini anateleza zake kwa tumbo na kipande cha ubao chakavu, dogo akamwangalia weee halafu akasema, "Anko, unalalia huko mbele kwa nini? Shuka huku." Akamvuta mguu. Wimbi lililofuata jamaa alifika mchangani.

Sababu ya pili, unaangalia chini. Kichwa ni kizito, ukiinamisha unausindikiza ubao chini. Wimbi likianza kukuinua nyanyua kifua, mikono miwili ikandamize ubao chini ya mbavu, macho yaende ufukweni, chagua mnazi au paa la nyumba ya kuangalia.

Sababu ya tatu, umelidaka wimbi limechelewa, tayari limesimama kama ukuta. Hapo hata bingwa angechimba. Wimbi linavunjika likifika kwenye kina cha kama mara 1.3 ya urefu wake, kwa hiyo wimbi la sentimita 60 litavunjika kwenye kina cha kama sentimita 80, mapajani au kiunoni kutegemea na urefu wako. Mwanzoni usisimame pale linapopinda. Simama ufukweni zaidi, liache livunjike, udake povu lake. Povu halina ukuta.

Wimbi linapita chini yako linakuacha

Kinyume cha hiyo ya juu, na mara nyingi ni mtu yule yule, kaogopa kuchimba akarudi nyuma mpaka mkia umezama, pua inaangalia mbinguni. Ubao uliokaa hivyo unakuwa breki. Utapiga mikono mpaka mabega yawake na wimbi litakupungia mkono linapita. Rudi kwenye mstari wako wa kidevu.

Kama umelala vizuri na bado linakuacha basi umechelewa kuanza. Watu wanasubiri wasikie wimbi miguuni ndo waanze kupiga mikono, hapo limeshaisha hilo. Anza likiwa bado liko nyuma yako kama urefu wa mbao mbili tatu, piga taratibu lakini kwa nguvu, mkono uingie mbele, uvute maji mpaka pajani. Likikuinua usisimame! Hapa ndo watu wanaharibu, wanasikia kuinuliwa wanaruka, wakati wimbi bado halijawachukua. Piga mikono mara mbili zaidi. Utajua limekuchukua kwa sababu ubao wenyewe unakimbia bila wewe kuusaidia, sauti ya maji chini inabadilika inakuwa kama inachanika.

Na kama mwenzio yupo, akusukume. Asimame kwenye maji ya kiunoni, ashike mkia, wimbi likifika akupe msukumo mmoja. Kuna watu wanaona ni kudanganya, mi naona ni akili, kwa sababu unatenganisha mafunzo mawili, leo unajifunza kuteleza, kupiga mikono kutakuja.

Halafu ukubwa wa ubao. Mtu mzima anayejifunza kwenye ziwa anahitaji ubao wa sponji wa futi 8 au 9, wenye ujazo wa lita 80 au zaidi kama una mwili. Zile mbao fupi zenye ncha unazoziona kwenye picha ni za watu walioanza utotoni na kwenye mawimbi yenye nguvu, ukija nayo Matema utaimaliza likizo nzima umelala juu ya kitu kinachozama. Ukiletewa ya bei poa na mtu anahama, uliza futi ngapi kabla ya kuuliza bei.

Unasimama, unaanguka hapo hapo

Haya, sasa ndo tunafika kwenye miguu, ila bado nitaanzia tumboni.

Angalia mikono yako inakaa wapi unaponyanyuka. Ukishika kingo za ubao huku na huku, ukinyanyuka mkono mmoja lazima usukume zaidi ya mwingine, ubao unalala ubavu, umeanguka. Viganja viwe bapa juu ya ubao, usawa wa chini ya kifua, kama unataka kupiga pushapu. Sukuma, piga miguu yote miwili ije chini yako kwa mara moja.

Ukipita kwenye magoti utakwama. Najua inaonekana rahisi, unapiga goti kwanza, unapumua, halafu unainuka, lakini wimbi la Nyasa halina muda huo, sekunde tatu nne povu limeshaisha nguvu na wewe bado uko kwenye maombi. Kama mwili bado haujawa mwepesi, fanya hivi: mguu wa nyuma tangulia, weka kidole kikanyage ubao, halafu mguu wa mbele upite katikati ya mikono. Ni hatua mbili lakini hakuna goti linalogusa ubao.

Mguu upi mbele? Usikariri. Kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa deki, vaa soksi, kimbia kidogo uteleze, mguu uliotangulia bila kufikiri ndo wa mbele. Au mtu akusukume mgongoni ghafla bila kukwambia, mguu utakaotoka kujizuia ndo huo. Watu wengi ni wa kushoto mbele, ila wa kulia mbele wapo wengi tu na mwalimu asiyejua anaweza kukutesa wiki nzima.

Ukishasimama, angalia kama una dalili hizi. Unaanguka kwa nyuma: umesimama wima kama askari wa gwaride, au uzito wote uko mguu wa nyuma. Kunja magoti, sio kiuno, kifua kiwe juu ya goti la mbele. Unaanguka kwa upande wa kisigino au wa vidole: nyayo zako haziko kwenye mstari wa katikati wa ubao, ule unaopita pua mpaka mkia, chora na huo kama hauonekani. Unaanguka mbele: umesimama mbele ya pale kifua kilipokuwa. Miguu imekaribiana unayumba kila upande: tanua kidogo kuzidi mabega. Na ukiangalia miguu yako kuhakikisha imekaa vizuri utaanguka tu, utaangukia pale pale ulipoangalia. Macho kwenye mnazi.

Dawa ya haya yote haiko majini. Ni mchangani. Chora umbo la ubao kwenye mchanga mkavu, lala, nyanyuka, lala, nyanyuka, mpaka usiwe unafikiria. Watoto watacheka, na wewe cheka. Mtu wa Mbeya mjini anaweza kufanya hivi sebuleni kwake kwenye mkeka kila asubuhi mwezi mzima kabla hata ya kushuka Kyela, na siku atakayogusa maji atakuwa mbali kuliko aliyekaa Matema wikiendi tatu bila mazoezi. Usifanyie juu ya ubao wenyewe kwenye nchi kavu, mapezi ya chini yatavunjika.

Ubao unakwenda pembeni peke yake

Geuza uangalie mapezi. Huenda moja limetoka au limefungwa kinyume, lile pinde linatakiwa lielekee nyuma kwenye mkia. Kama mapezi yako sawa, basi wewe ndo umelala upande mmoja. Kama hata bila mtu ubao unaelea umeinama, umenyonya maji, usimamishe kivulini ukiegemea ukuta uone kama unadondosha, tafuta ulipochanika, ukauke kabisa ndo uzibe. Kuziba ukiwa na maji ndani ni kuyafungia yaozeshe.

Ubao unateleza miguu haishiki

Mafuta. Sisi watu wa baridi tumezoea kujipaka, mtu anashuka na vaselini au mafuta ya nazi mwili mzima, kalala kwenye ubao, ubao wote umekuwa kikaango. Usugue kwa sabuni ya kufulia na mchanga laini, suuza. Paka losheni ya jua usoni, mabegani na nyuma ya mapaja tu, kifuani na tumboni vaa tisheti ya kubana, ambayo pia itakuokoa na michubuko ya sponji. Nta ya ubao, ile inayopakwa juu ili miguu ishike, ikiachwa kwenye gari pale Kyela mchana inayeyuka, utaikuta imekuwa uji kwenye begi.

Ubao wa kujaza upepo umelegea katikati

Hii naipenda kwa sababu ni shida yetu sisi hasa, wa pwani hawaijui. Umeujaza nyumbani Mbeya, kipimo kinasoma psi 15, ngumu kama meza, umefunga juu ya Noah, umefika Matema unajikunja katikati kama godoro. Unatafuta tundu. Hamna tundu.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya mita 500. Ukishuka hewa ya nje inakuwa nzito inaubana ubao kwa nje, kwa hiyo ile 15 yako inasoma kama 13 hivi, joto la Kyela litakurudishia kidogo lakini sio yote. Dawa: jaza ukishafika, pale pale ufukweni, kivulini. Na kurudi ni hatari zaidi, ukiuacha umejaa 15 ya ziwani ukapanda nao mpaka Isyonje, kule juu mlimani njia ya kurudi Mbeya, kabla hata ya kushuka Uyole, kipimo kinaweza kupita 17, na kama kuna jua juu ya gari gundi inaweza kuachia. Toa upepo kabla ya kuondoka Matema, kunja, weka ndani. Mbao ngumu zenye skrubu ndogo ya kupumulia pia, ifungue ukiwa safarini, ubao upumue, halafu kabla ya kuingia majini uifunge. Ukisahau kuifunga ubao unakunywa maji, ukisahau kuifungua mlimani unaweza kuvimba ngozi yake ikaachia.

Huwezi kutoka, povu linakurudisha ufukweni

Mawimbi yamebanana, nimeshasema. Usipige mikono pale unapoweza kutembea. Tembea, ubao uwe pembeni yako, pua ikiangalia wimbi moja kwa moja, mkono mmoja mgongoni mwa ubao. Povu likifika sukuma mkia chini uinuke pua ipite juu. Kosa ambalo linaumiza watu ni kuuweka ubao kati yako na wimbi, umeukinga kama ngao kifuani, wimbi linakuja nao mpaka kwenye meno. Ubao uwe pembeni au nyuma yako, usiwe mbele ukiwa umelala ubavu.

Kaa ufukweni kwanza uyasome. Hata mawimbi ya upepo yana makundi, yanakuja makubwa kadhaa halafu yanalegea kidogo, pita kwenye ulegevu. Wavuvi wa pale wanajua hii kuliko mtu yeyote, angalia wanavyosubiri kabla ya kusukuma mtumbwi. Ukimkuta mzee kakaa kwenye mtumbwi wake msalimie kwanza, shikamoo, ndo umuulize leo ziwa likoje, na akikwambia leo hapana usianze kumweleza ulichoona kwenye simu.

Mikono imekufa mapema

Kawaida, usijione dhaifu. Ila angalia: kama kidevu kimelala kwenye ubao unavuta kwa bega tupu, nyanyua kifua kidogo mgongo usaidie. Kama miguu imetanuka inaburuta maji, ibane. Kunywa maji, kule chini ni joto, mtu wa Mbeya au Makete anakaukiwa haraka bila kujua kwa sababu amelowa muda wote. Kipindi kimoja kifupi asubuhi na kingine jioni kinafundisha zaidi ya kukaa majini mchana kutwa, ukishachoka unajifunza makosa tu.

Ubao unakupiga

Ukianguka, anguka bapa, kwa mgongo au kwa ubavu, usiende kichwa wala usisimamishe miguu kwa nguvu, kina ni kidogo. Ukiwa chini ya maji mikono juu ya kichwa, toka taratibu ukiwa umejikinga, maana kamba ikivutika ubao unarudi. Kamba ifungwe mguu wa nyuma, ile sehemu inayotoka kwenye mkanda iangalie nje, sio ndani kati ya miguu utajikanyaga. Watoto wakiwa wanaogelea mbele yako, ruka uanguke mapema. Hakuna wimbi lenye thamani ya pua ya ubao kwenye mbavu za mtoto wa mtu.

Unapiga mikono kurudi ufukweni lakini ufukwe unakwenda mbali

Umeingia kwenye mkondo wa kurudi. Maji yote yanayoletwa na mawimbi lazima yarudi, yanatafuta njia moja yenye kina yanakimbilia hapo, na ziwani inatokea kama baharini. Unaweza kuitambua ukiwa nchi kavu, ni ule mstari ambao mawimbi hayavunjiki, maji yana rangi nyeusi zaidi au yamebeba mchanga, panaonekana pametulia, na mgeni ndo anapachagua hapo hapo kwa sababu pametulia.

Usishindane nao. Baki juu ya ubao, usiuache hata iweje, piga mikono sambamba na ufukwe mpaka uone povu linavunjika karibu na wewe, hapo geuka urudi nalo. Umechoka? Lala, inua mkono mmoja, upunge. Kwa hiyo mwenzio wa nchi kavu awepo, na asiwe yule ambaye yuko bize na samaki wa kuchoma.

Mengine ya usalama kwa haraka. Midomo ya mito, upande wa Lufilyo na kwingine, usiende, mamba wapo, na maji yakiwa machafu baada ya mvua ndo kabisa. Radi ikisikika, toka, hata kama mvua bado iko milimani, msimu wa mvua huku radi sio mchezo na wewe ndo kitu kirefu kuliko vyote juu ya maji. Kichocho kipo Ziwa Nyasa, vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa maji vinapenya kwenye ngozi, sehemu zenye majani na maji yaliyotulia ni mbaya zaidi lakini usijidanganye kwamba kwenye mchanga ni salama moja kwa moja. Ukiwashwa ngozi baada ya kutoka, au ukiona damu kwenye mkojo, nenda hospitali. Hata bila dalili, kapime baada ya wiki 6 mpaka 8, ukipima mapema sana inaweza isionekane, na dawa ipo, prazikwanteli, ukipewa na daktari kwa uzito wako.

Umefika, ziwa ni kioo

Umekuja mwezi mbaya au Mwera haujaamka. Usiudhike. Siku ya kioo ndo siku ya kutafuta ule mstari wa kidevu, kupiga mikono mwendo mrefu sambamba na ufukwe, kujifunza kukaa juu ya ubao na kuugeuza ukiwa umekaa. Ikiwa Jumamosi kuna mnada wa vyungu vya Wakisi, nenda ukaone, rudi jioni.

Kwenye povu unasimama kila mara, ila wimbi zima bado linakushinda

Hapa umeshavuka, shida yako ni nyingine. Wimbi ambalo halijavunjika ukilishuka moja kwa moja kuelekea ufukweni litakufukia, kwa sababu linaangukia pale pale ulipo. Linatakiwa ulikate kwa pembeni. Kabla hujasimama angalia upande gani bado haujavunjika, elekeza pua kidogo huko, kidogo tu, kama saa inayosoma dakika tano kabla au baada ya saa kamili. Unapiga mikono hivyo hivyo. Ukisimama geuza kichwa huko, bega litafuata, ubao utafuata bega.

Matema utapata mawimbi machache yanayokubali hii, mengi yanavunjika kwa mkupuo mstari mzima, ndo tabia ya mawimbi ya upepo. Usijilaumu. Likija linalovunjika kutoka upande mmoja kwenda mwingine utalijua.

Matema unaweza, umeenda Dar kila kitu kimeharibika

Hii inawapata wengi wakienda likizo. Umefika ufukwe wa Coco, umejiamini, unaanguka kama siku ya kwanza. Ubao unaelea juu kidogo kuliko ulivyozoea, ule mstari wa kidevu usogeze, pima upya kwenye maji yaliyotulia. Mawimbi yana nafasi kati yake, una muda wa kupumua, lakini ukiyakosea yanasukuma zaidi.

Kubwa kuliko yote ni maji kujaa na kupwa, kitu ambacho ziwani hakipo. Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kipindi cha bamvua, yani siku ambazo maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti inaweza kupita mita 3, kwa hiyo sehemu uliyoteleza maji yakiwa yamejaa, masaa sita baadaye unakuta ni mwamba mtupu na urchini, vile viumbe vya baharini vyenye miiba, wameshika mawe. Kila siku muda unasogea mbele kwa kama dakika 50, ratiba ya jana haikusaidii. Muulize mvuvi au angalia jedwali la maji kabla hujabeba ubao, ingia maji yakiwa yanajaa na yameshafunika mwamba, vaa viatu vya majini, na ukianguka pale anguka bapa zaidi ya ulivyokuwa ukianguka ziwani, kwa sababu chini hakuna mchanga wa Matema.